Kwa nini "In the Still of the Nite" ya The Five Satins haichuji tangu 1956

Mpenda Santuri (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu. Zilipendwa za kwetu zinajadiliwa humu kila siku, na zinastahili. Leo naomba twende mbali kidogo, hadi New Haven, jimbo la Connecticut, Marekani, Februari 1956. Vijana wanne weusi wanashuka kwenye chumba cha chini cha kanisa Katoliki la St. Bernadette, wanarekodi wimbo wa kama dakika tatu, wanapanda ngazi, wanarudi makwao. Huu mwaka wa ngapi, na wimbo bado unapigwa.

Wimbo ni "In the Still of the Nite", kundi ni The Five Satins. Jina linasema watano, ila walioimba siku ile walikuwa wanne. Ni muziki wa doo-wop: vijana wanasimama kona ya mtaa au chini ya ngazi za jengo, mmoja anaongoza, wengine wanaitikia kwa silabi ambazo hazimo kwenye kamusi yoyote, na besi anashika msingi kana kwamba ana gitaa mkononi. Wengi walianzia pale kwa sababu vyombo vya muziki vilikuwa ghali, sauti wanazo bure, na kuta za ngazi zinarudisha mwangwi mzuri.

Hoja yangu naitaja mapema. Watu wanasema wimbo huu unadumu kwa sababu ni wa mapenzi. Nyimbo za mapenzi za mwaka 1956 zilikuwa maelfu, na nyingi leo hakuna anayezikumbuka hata kwa jina. Wengine wanasema ni sauti ya Fred Parris, aliyeutunga na kuuongoza. Sauti yake naipenda sana, lakini si hiyo. Mimi nasema wimbo huu unabebwa na wale wanaoitikia nyuma. Kile kiitikio cha "shu-duu, shubi-duu" ndicho wimbo wenyewe, na Parris anapita juu yake tu. Mnyamazishe kiongozi, bado utaujua wimbo. Wanyamazishe waitikiaji, utabaki na kijana mpweke anayeimba shairi fupi la kawaida.

Kwanza historia, maana bila hiyo hamtanielewa.

Parris alisoma Hillhouse, sekondari ya palepale New Haven. Kabla ya Satins alikuwa na kundi lingine, The Scarlets, na mwaka 1954 walitoa "Dear One" kwa lebo (kampuni ya santuri) ya Red Robin ya Bobby Robinson, Harlem, New York. Halafu jeshi likawaita, kundi likatawanyika. Parris akapangiwa Philadelphia. Alikuwa na mchumba nyumbani, na kila akipata ruhusa ya mwisho wa wiki anapanda treni kwenda kumwona. Usiku mmoja, akiwa lindo baada ya kurudi kutoka safari kama hiyo, ndipo maneno yakamjia. Kwa hiyo anayeimba ni askari aliye zamu, amesimama macho, anakumbuka usiku mwingine aliokuwa na mtu wake. Usikilize tena ukiwa na picha hiyo na utaona kwa nini hauna haraka.

Aliyewarekodi ni kijana mwenzao, Marty Kugell, mwenye lebo ndogo ya Standord. Pesa ya studio ya New York hakuna. Mpiga saksofoni wao, Vinny Mazzetta, alikuwa muumini wa St. Bernadette, akaenda kumwomba padri chumba cha chini. Padri akakubali. Sasa fikirini mwaka wenyewe: Februari 1956, kule Montgomery, Alabama, watu weusi wako katikati ya mgomo wa mabasi, wanatembea kwa miguu kwenda kazini. Huku Connecticut kijana mwenye asili ya Italia anawafungulia vijana weusi kanisa lake waingie kuimba. Sisemi Connecticut ilikuwa peponi. Nasema mlango mmoja ulifunguliwa, na kilichopita kwenye mlango huo tunakisikiliza mpaka leo.

Sasa sikilizeni rekodi yenyewe, kwa spika nzuri au visikilizi. Piano iko mbali, kama vile inapigwa chumba cha pili, inagongwa tatu tatu ndani ya kila pigo. Ngoma zimefifia. Fundi wa studio kubwa angeitupa. Lakini zile sauti za waitikiaji zimejaa chumba chote. Ukuta, sakafu na dari vyote vinaimba nao. Hakuna mashine iliyoongeza mwangwi ule. Kwaya yoyote iliyowahi kufanya mazoezi kwenye jengo lisilo na dari bodi inaujua.

Halafu saksofoni ya Mazzetta inapoingia, waitikiaji hawanyamazi. Kwenye nyimbo nyingi mpiga chombo akipewa nafasi yake waimbaji wanapumzika. Hapa wanaendelea vilevile, "shu-duu, shubi-duu", saksofoni inapita juu yao kama alivyokuwa anapita Parris. Kiongozi amebadilika, msingi ni uleule. Akirudi Parris hana jambo jipya la kusema, anarudia aliyokwisha sema, na hatuchoki, kwa sababu sikio lilikuwa kwa wengine muda wote.

Santuri ilipotoka, wimbo huu ulikuwa upande wa pili. Upande wa kwanza ulikuwa "The Jones Girl". Watangazaji wa redio wakaigeuza santuri wenyewe. Lebo kubwa zaidi ya New York, Ember, ikauchukua, na ukafika namba 24 kwenye chati ya pop na namba 3 kwenye chati ya muziki wa watu weusi, R&B. Wakati huo Parris alikuwa ameshapelekwa Japani na jeshi. Wimbo wake unatikisa Marekani, yeye yuko kambini Asia. Kundi likalazimika kumtafuta Bill Baker aongoze, na yeye ndiye mnayemsikia kwenye "To the Aisle" ya 1957.

Ukaingia tena chati mwaka 1960, na tena 1961, rekodi ileile.

Parris alifariki Januari 2022 akiwa na miaka 85. Karibuni tujadili. Mnaopinga mje na hoja.

Mzee wa Gramafoni

Mleta uzi, umeandika vizuri na historia umeipanga. Ila hoja yako ya waitikiaji naikubali nusu.

Wimbo hauendi wenyewe, mwanangu. Wimbo unapelekwa. Umesema uliingia chati tena 1960 na 1961 lakini hukusema kwa nini. Mwaka 1959 mtangazaji mmoja wa Los Angeles, Art Laboe, alitoa santuri ndefu aliyoiita "Oldies But Goodies", akakusanya nyimbo zilizokwisha pita za makundi mbalimbali. Satins wamo kwenye toleo la kwanza kabisa. Upande mmoja aliweka nyimbo za taratibu za kucheza mkiwa mmeshikana, upande wa pili za kurukaruka, ili vijana wakiwa kwenye raha yao wasilazimike kuinuka kubadilisha sahani. Santuri ile ilikaa kwenye chati ya albamu zaidi ya miaka mitatu. Hiyo ndiyo iliyoufufua.

Huyu Laboe alikuwa na kipindi cha salamu hasa kama vyetu vya zamani. Watu wanapiga simu, "naomba wimbo fulani umwendee mke wangu", "umwendee kaka yangu aliyefungwa gereza fulani, mwambie tunamsubiri". Waliokuwa wanampigia sana ni Wamarekani wenye asili ya Meksiko, wa mashariki ya Los Angeles. Watu ambao si weusi na hawajawahi kufika New Haven walizichukua doo-wop zikawa zao, wakawarithisha watoto na wajukuu. Laboe aliendelea na kazi hiyo mpaka alipofariki Oktoba 2022 akiwa na miaka 97. Mwaka uleule na Parris, angalia Mungu anavyopanga.

Upande wa New York, redio ya WCBS-FM ilikuwa inawapigisha kura wasikilizaji wake nyimbo 500 za zamani wanazozipenda, na kwa miaka mingi namba moja ni huu. Kisha sinema. "Dirty Dancing" 1987, albamu ya nyimbo zake iliuzwa kwa mamilioni, humo Satins wamo. "The Irishman" ya Martin Scorsese, 2019, inafunguka na wimbo huu, kamera inatembea taratibu kwenye korido za nyumba ya wazee.

Kwa hiyo usiwasahau watu waliofanya kazi ya kuupiga na kuurudia. Kungekuwa hakuna Laboe, ungekuwa uzi mwingine leo.

Mpenda Santuri

Shikamoo mzee wangu. Umenijazia mahali nilipopita haraka na nashukuru.

Lakini niulize. Kwenye santuri ileile ya Laboe zilikuwemo nyimbo nyingine, na zilipigwa kwenye kipindi kilekile cha salamu. Kwa nini kura za New York, ambako Laboe hakuwa anasikika sana, zilikuwa zinaurudia huuhuu? Redio inaweza kukuletea wimbo mlangoni. Kuukaribisha ndani ukae miaka 60 ni kazi ya wimbo wenyewe. Kuna nyimbo zilisukumwa kwa nguvu sana enzi zile, watangazaji walihongwa mpaka Bunge la Marekani likafanya uchunguzi 1959 na 1960, na nyingi kati ya zilizosukumwa zimeshafutika.

Mzee wa Gramafoni

Marahaba. Hapo umenibana, nakubali. Ila usiidharau nusu yangu.

Dada Alto

Habari zenu. Mimi ni mwanakwaya, naimba sauti ya pili, na sikuufahamu wimbo huu kwa Satins. Niliufahamu kwa Boyz II Men. Waliokuwa vijana miaka ya tisini watakumbuka, kaseti zao zilikuwa kila nyumba. Waliuimba 1992 kwa ajili ya tamthilia ya maisha ya familia ya Jackson, wakaufikisha namba 3 Marekani. Sauti tupu bila vyombo. Nilikuwa nadhani ni wao walioutunga!

Na kitu kilichonigusa kwenye maelezo ya mleta uzi: Boyz II Men ni watoto wa Philadelphia. Parris aliutunga Philadelphia akiwa lindo. Kwa hiyo wimbo ulizaliwa kule, ukaenda kurekodiwa New Haven, na baada ya miaka 36 vijana wa kule ulikozaliwa wakauchukua tena.

Kuhusu hoja ya waitikiaji naiunga mkono kwa asilimia zote, na nitaeleza kwa lugha ya kwaya. Besi ya wimbo ule inatembea do, la, fa, so. Basi. Do, la, fa, so, inazunguka hivyo mwanzo mpaka karibu mwisho. Mtu yeyote aliyefundishwa tonik sol-fa kwenye kwaya ya mtaa anaishika jioni moja. Mwalimu wetu aliwahi kutupa zoezi la kupasha sauti kwa mzunguko huohuo, sauti ya nne ikianza, ya tatu ikipanda juu yake, kisha sisi.

Ugumu hauko kwenye noti, uko kwenye kujizuia. Sauti ya tatu inataka kupamba. Sauti ya kwanza inataka kusikika. Ukiwa na waimbaji wanne wenye sauti nzuri, kila mmoja kwa siri anataka kuwa kiongozi. Satins wale watatu wa nyuma hawapambi kabisa. Wanatamka ile "shu" laini, wanaikata "duu" pamoja, pumzi wanavuta pamoja. Sikilizeni mwisho wa kila mstari wa Parris: hawamkimbizi wala hawamsubiri. Hiyo ni nidhamu ya watu waliokaa pamoja muda mrefu, na ndiyo sisi tunaitafuta kila Jumatano jioni.

Boyz II Men wanaimba kitaalamu zaidi, sikatai. Pale mwisho wanapanda na kushuka kama ndege. Lakini nikiwasikiliza najua siwezi kuimba nao. Nikiwasikiliza Satins nahisi kuna nafasi yangu pale nyuma, nikisogea kidogo watanipisha.

Mpenda Santuri

Dada Alto, aya yako ya mwisho nimeisoma zaidi ya mara moja. Nilikuwa naitafuta hiyo sentensi nilipokuwa naandika uzi na sikuipata. Ndiyo hasa. Wimbo unakupa nafasi ya kusimama.

Halafu ile do, la, fa, so ni mzunguko wa doo-wop nyingi mno, si huu peke yake. Ndiyo maana makundi ya mitaani yaliweza kuanza kuimba pamoja yakikutana tu, bila maelewano marefu. Kila kijana wa Harlem, Bronx, Philadelphia au Los Angeles alikuwa nao kichwani.

Kijana wa Tandale

Wakuu mimi nimezaliwa 2001 na nimeusikiliza leo kwa mara ya kwanza kwa sababu ya uzi huu. Nilifikiri nitachoka. Nimeurudia.

Swali langu ni la pesa. Hawa jamaa walilipwa? Maana siku hizi msanii akitoa wimbo kwanza anauliza haki zake.

Mzee wa Gramafoni

Kijana, swali lako linauma.

Kwa makundi ya doo-wop kwa ujumla, hali ilikuwa mbaya. Vijana wa miaka 15, 16, hawana wakili, wanawekewa karatasi mezani wanasaini. Mwenye lebo anajiandika kuwa mtunzi mwenza, na mirabaha inaingia kwake. Chukua mfano wa "Why Do Fools Fall in Love" ya Frankie Lymon na The Teenagers, mwaka huohuo wa 1956. Lymon alikuwa na miaka 13 tu. Wimbo ukavuma Marekani na Uingereza. Kwenye hati za utunzi likaja kuwekwa jina la Morris Levy, mwenye kampuni. Lymon alifariki 1968 kwa heroini akiwa na miaka 25.

Wenzake wawili wa kundi, Herman Santiago na Jimmy Merchant, walikwenda mahakamani wakidai wao ndio waliotunga. Mwaka 1992 baraza la raia wanaoamua kesi (jury) kwenye mahakama ya shirikisho likawapa haki. Mwaka 1996 mahakama ya rufaa ikatengua. Haikusema hawakutunga. Ilisema muda wa kudai ulishapita. Wazee wazima, wimbo waliutunga wakiwa watoto, wanaambiwa mmechelewa.

Mimi jambo hili linanichukiza mpaka leo. Kila sinema ikiupiga mmoja wa nyimbo hizi, nawaza nani analipwa.

Kijana wa Tandale

Asante mzee. Nimejifunza. Na Wakenya na Watanzania tuna zetu za namna hiyo pia.

Mzee wa Gramafoni

Tena nyingi. Zianzishiwe uzi wake.

Mwana Msondo

Naomba kupinga kidogo, kwa heshima. Mnaongea kana kwamba kuimba kwa kuitikiana ni kitu cha kona ya mtaa ya Marekani. Waafrika tumeimba hivyo tangu enzi. Kiongozi anatoa, kundi linaitikia, besi wanakoroma chini. Nenda ngomani, nenda msibani, nenda jandoni. Mimi nadhani wimbo huu unatugusa kwa sababu ni wetu uliozunguka ukarudi.

Mpenda Santuri

Mkuu Mwana Msondo, undugu upo na sitaukana. Waliotangulia doo-wop walikuwa waimbaji wa injili kwenye makanisa ya watu weusi, na wale kuitikiana walikuta kwa wazazi wao. Ila tusiruke hatua. Kati ya ngoma na Satins kuna The Mills Brothers na The Ink Spots wa miaka ya thelathini, kisha makundi yenye majina ya ndege: The Ravens, na The Orioles wa Baltimore waliotoa "It's Too Soon to Know" mwaka 1948. Hao ndio walioweka kiongozi mwenye sauti ya juu mbele na wengine nyuma kwa upole. Parris alilelewa na redio iliyokuwa inapiga hao.

Mfano wa wimbo uliotoka Afrika moja kwa moja ukawa doo-wop upo, na unaufahamu. Solomon Linda, Mzulu, na kundi lake la Original Evening Birds walirekodi "Mbube" Johannesburg mwaka 1939, kwenye studio ya Gallo. Sauti za wanaume, besi wanazunguka chini, yeye anapaa juu. Ukapitia mikononi mwa waimbaji wa Marekani, na mwaka 1961 The Tokens, vijana wa Brooklyn, wakaufikisha namba moja kama "The Lion Sleeps Tonight". Linda alifariki 1962 akiwa maskini. Familia yake ilipata mapatano ya kulipwa mwaka 2006. Mzee wa Gramafoni, hili nalo lingefaa uzi wako.

Kwa hiyo ndiyo, njia ilikuwepo. Ila Satins wa New Haven nawaacha wawe wa New Haven. Walichokifanya ni chao.

Mwana Msondo

Sawa, nimekuelewa. Hilo la Linda nilikuwa nalijua nusu.

Jah Mtaani

Niongeze la reggae. The Wailers kabla ya reggae walikuwa kundi la sauti. Bob Marley, Peter Tosh na Bunny Wailer walikuwa vijana wa Trench Town, Kingston, wanafundishwa kupanga sauti na Joe Higgs uani kwake, huku redio za kusini mwa Marekani zikiwaletea R&B na makundi ya sauti. Zisikilizeni zile rekodi zao za mwanzo, 1964 mpaka 1966, halafu msikilize Satins. Waitikiaji wale wale. Anayempenda Bob bila kuzisikia nyimbo hizi amekosa mizizi.

Dada Alto

Jah Mtaani, hilo nimeenda kulisikiliza na ni kweli kabisa. Hasa nyimbo za taratibu.

Nimerudi kwa jambo lingine. Jana baada ya mazoezi nimewapigia wenzangu wimbo huu wausikie, kwenye spika ya simu tu. Hakuna aliyeuliza maneno yanamaanisha nini. Mara ya pili wimbo ulipozunguka, wenzetu wawili wa sauti ya tatu walikuwa tayari wanaitikia. Mara ya tatu besi akaingia. Hakuna aliyetaka kuwa Parris! Nafasi ya kiongozi ilibaki wazi, na sisi tunaimba.

Mpenda Santuri

Mzee wa Gramafoni, unaiona hiyo?

Mzee wa Gramafoni

Naiona. Haya, robo tatu nakupa.

Kijana wa Tandale

Wakuu, nikiutafuta mtandaoni napata matoleo mengi ya hao hao Five Satins, mengine safi sana, ala zinasikika vizuri, lakini si ule niliosikia kwanza. Lipi ndilo?

Mpenda Santuri

Swali zuri na ni muhimu. Makundi mengi ya enzi zile yalirudia kurekodi nyimbo zao baadaye, kwa sababu lebo mpya haikuwa na haki ya rekodi ya zamani, au kwa sababu wasikilizaji walitaka sauti safi. Albamu nyingi za bei rahisi za zilipendwa zina matoleo hayo ya kurudia, na jina la kundi ni lilelile.

Tambua la 1956 kwa njia hii. Sauti zote ziko katikati. Ukivaa visikilizi hakuna kinachotoka kulia peke yake wala kushoto peke yake. Piano iko mbali na imefifia, inagonga tatu tatu. Waitikiaji wako karibu nawe kuliko ngoma. Na saksofoni inapoingia, wale wa nyuma hawaachi kuitikia. Ukisikia ngoma kavu zinang'aa na piano imekaa mbele, hiyo siyo. Kwenye maelezo tafuta neno Ember, au Standord ukibahatika.

Ukishaupata huo, nenda kwenye "Earth Angel" ya The Penguins, 1954. Nao ulirekodiwa nje ya studio kubwa, kwenye gereji Los Angeles, nao ulikuwa upande wa pili wa santuri, nao unatembea do, la, fa, so. Kisha "I Only Have Eyes for You" ya The Flamingos, 1959, ambao mwangwi wake umetengenezwa kwa makusudi, usikie tofauti na ule wa chumba cha kanisa. Ukimaliza rudi hapa useme besi wa kundi gani amekukamata.